Nyusi za Mwalimu

Mimi ni fundi cherehani, na mwenzangu ninayegawana naye chumba hiki hutinda nyusi. Kati yetu kuna pazia tu, kwa hiyo mambo yake nayajua bila kuuliza, hata yale nisiyoyataka. Watu wanamwita Uzi, kwa kuwa hashiki wembe wala kibano. Ana uzi mweupe wa pamba. Ncha moja anaiuma kwa meno, nyingine anaizungusha vidoleni, na unywele unang'oka na shina lake. Nyuso za watu anazipendezesha mpaka wanatoka hapa wakijitazama kwenye vioo vya magari. Nyusi zake mwenyewe zimeota kama magugu. Kinyozi hajinyoi.

Ana sharti moja linalonichosha: hamtindi mtu aliyekunja uso. Anasema mwenye wasiwasi huinua nyusi moja bila kujua, na fundi asiyejua huipunguza ya pili ili zilingane. Uso ukitulia, moja iko juu, moja chini, na unywele ukishang'oka hauombwi radhi. Basi kila mteja lazima achekeshwe kwanza, na vichekesho vyenyewe ni vibovu. Mimi nimevisikia vyote, vingine nimevichoka.

Asubuhi ile hakuja na utani wowote. Alikaa kwenye kiti cha wateja akakata uzi, akaufunga, akaukata tena.

"Shoga, dada yangu anakuja leo," akaniambia. "Kesho anarudi darasani."

Dada yake ni mwalimu. Ndiye aliyemlea Uzi baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemwachia uso wake ajifunzie kazi wakati hakuna mtu aliyethubutu. Mwaka jana aliugua, akapewa dawa kali, nywele zikapukutika mwili mzima. Sasa amepona, na nywele zimeanza kurudi, kwa kusitasita.

"Kichwani atafunga kitambaa," Uzi akasema. "Usoni atafunga nini?"

"Si umwambie asubiri ziote?"

"Amesubiri mwaka mzima. Nimwambie asubiri tena, mimi?" Akaukata uzi. "Zenyewe ni za kuhesabika. Nikikosea hapo, hakuna pa kuazima."

Nilimwambia aache kupoteza uzi, maana alishaanza kunivuruga na mimi. Nilikuwa nimeshona mkono wa blauzi ndani nje, nikalazimika kuufumua. Wasiwasi wa mtu mwingine ni kitu kibaya sana kukaa nacho chumba kimoja.

Mwalimu akaingia. Gauni lilimpwaya mabegani, mikono yangu ikatamani kulibana hapo hapo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona mmenuna, kuna msiba?"

Akakaa akielekea dirishani, akavua miwani. Mimi mguu ulishatoka kwenye pedali. Nilisogeza pazia kidogo, na sioni haya kusema hivyo, kwani hata wewe ungechungulia. Nyusi zilikuwa nyembamba, zimeachana achana, na kwenye mikia hakukuwa na kitu. Uzi akajaribu kichekesho cha fundi viatu. Akakiacha katikati. Hakuna aliyecheka.

"Funga macho, dada. Vuta ngozi."

Akaanza. Mlio wa ule uzi naujua, unakwaruza kwaruza. Ulikuwepo. Ila nilipokaza macho niliona uzi unapita juu ya ngozi bila kuigusa. Alikuwa anatinda hewa. Alipita chini ya nyusi, akapuliza, akapangusa kwa pamba, akapita tena, hakuna alichotoa. Dada yake akigundua, si ataona amefanywa mtoto? Nikamkasirikia Uzi, kisha nikajiuliza ningefanya nini mimi.

"Mdogo wangu," mwalimu akaita, macho ameyafumba.

"Abee, dada."

"Mbona huniumizi?"

"Mkono umekuwa mwepesi siku hizi."

"Acha uongo."

Uzi akautoa uzi mdomoni. Mimi nikashika pazia lisitikisike.

"Ni chache, dada," akasema. "Naogopa kuzigusa."

Mwalimu hakufumbua macho. "Mwaka mzima watu wananishika kama yai. Hospitali, nyumbani, mpaka majirani wananisalimia kwa kunong'ona. Kesho wale watoto watanipigia kelele, na mimi nitawafokea, nimezikumbuka hizo kelele. Leo sikuja kubembelezwa. Nimekuja kutindwa. Tinda."

Uzi akaurudisha uzi kwenye meno. Akainama karibu kabisa, akatafuta, akaupata unywele mmoja uliopotea njia chini ya nyusi ya kulia. Akashusha pumzi. Akauvuta.

"Ala. Mama wee," mwalimu akaruka kitini, akampiga kofi mkononi. "Wewe mtoto una mkono mbaya, tangu zamani una mkono mbaya."

Chozi lilimshuka mpaka kidevuni. Uzi alisimama pale amejikunyata, akingoja kusemwa zaidi.

Mwalimu akajifuta kwa kiganja. Akaegemea tena, akafumba macho, akavuta ngozi ya upande wa pili.

"Haya," akasema. "Na huku."