Mkono Mwengine Kichwani mwa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu hamwachii mtu kichwa chake. Tangu mdogo, hapa hapa Small Heath, huku Uzunguni, mamake akimgusa nywele analia mpaka jirani anagonga ukuta. Nikimshika mimi, analala. Sasa mtu mzima, kasoma, anafanya kazi mjini kwenye jumba la vioo, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kizungu. Ila nywele zikimshinda anakuja mwenyewe, anakaa chini baina ya magoti yangu na kikopo cha mafuta. Kizungu kapewa na skuli. Akili kapewa na babake, ndivyo anavyodai huyo babake. Kichwa changu mimi.

Nikimtania namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba. Na yeye, "Bibi, stop it," kwa ile sauti yake ya puani, utadhani kazaliwa na mafua.

Basi sikujua kama mke mwenza wa kweli atanijia kwa njia ya milima.

Mjukuu wangu alianzia kupanda kwenye bohari moja kubwa, ukuta umepigiliwa vijiwe vya rangi, watu wananing'inia kama popo. Nikapelekwa siku moja nikaone. Nikaona mtoto wetu yuko juu karibu na dari, kafungwa kamba kiunoni, na chini yuko kijana wa Kizungu kaishika ile kamba huku anapiga soga na mwenziwe. Nikamwendea. "You. Hold. No talk." Akanyamaza kama katiwa maji mdomoni. Mjukuu wangu aliposhuka akaniambia nimemtia aibu. Aibu! Ningenyamaza miye tungekuwa tunaokota meno.

Mara bohari halimtoshi. Anataka Himalaya. Na si ile ya kutembea kwa miguu mkipiga picha na mbuzi, la. Mlima wa barafu tupu, unaupanda na viatu vya meno na shoka mkononi. Yeye na wenziwe hawendi peke yao. Wanaongozwa na mtu wa kule kule, anawatangulia, anawafungia kamba, anawaambia saa ya kupanda na saa ya kushuka. Na huyo wa kwao ni mwanamke.

Mamake akaja kwangu mbio, sauti juu kama birika inayochemka: "Mama, mwambie wewe! Wewe anakusikia!" Nikamwambia mtoto, usende. Akanibusu kipaji. "Bibi, I'll be fine." Ndiko kunisikia kwenyewe huko.

Siku ya mwisho akaja kusukwa. Kakaa, kanipa chanuo, kasema anataka mistari ya moja kwa moja kurudi nyuma, kofia ngumu ikae vizuri. Nikashusha mkono. Sisi mtindo huo tunauita twende kilioni. Ndio jina lake, toka tuko watoto: mtu kafiwa, hana wakati wa kujipamba, anavuta mistari kurudi nyuma, anafunga kanga, anakwenda msibani. Sasa miye nimsuke mtoto twende kilioni, halafu nimpandishe ndege aende kwenye barafu?

"Bibi, it's just a name."

"Na wewe ni jina tu? Nikuite mbuzi?"

Nikamsuka ninavyotaka mimi. Mistari yote inapanda juu, inakutana utosini, inafungwa kama kichwa cha nanasi. Kazi safi, inang'ara. Akajaribu ile kofia, ikakaa juu ya nanasi kama sufuria juu ya mafiga. Nikamwambia itashuka yenyewe. Wakati wa kubishana hakuwa nao, akaondoka hivo hivo.

Akawa anapiga simu ya picha kila penye mtandao. Na kila akipiga, Didi. Didi ni dada kwa lugha ya kule, ndivyo anavyomwita yule kiongozi wake. Didi kasema kunywa maji. Didi kasema taratibu. Akawa anamwigiza kabisa, sauti ya chini, ya pole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe: "Slowly, sister. Drink, sister." Nimekaa miaka namwambia mtoto huyo anywe maji, hajapata kuniigiza mie kwa mapenzi hivo.

Akaniambia wanapanda juu mchana, halafu wanashuka kulala chini, kesho wanapanda tena, kifua kizoee hewa. Nikamwambia hivo ndivyo nnavyofanya mimi na ngazi za nyumba hii kila nikisahau miwani, na hakuna anayenifunga kamba. Akacheka. Akageuka kumwambia Didi. Nikasikia Didi anacheka. Hicho kicheko sikukipenda, kilikuwa kizuri.

Ndio siku moja picha ikatokea, miye nikaona kitu kingine kabisa. Nanasi hakuna. Kichwani mna mikia miwili, minene, imekwenda upande, huu juu huu chini, kama mikia ya punda wawili waliogombana.

"Nani kakushika kichwa?"

"Didi. The helmet wouldn't fit, Bibi."

Nikamwambia naona mtandao mbovu. Nikakata simu. Mamake akaniuliza yule hajambo? Nikamwambia hajambo, kasukwa na kipofu.

Wallahi sikula siku ile. Kwenye barabara ya Coventry pale mna masaluni, wanawake wanajua kusuka mpaka basi, na mtoto huyu hajapata kuingia hata moja. Leo kampa kichwa mtu ambaye hata kugawa njia hajui! Nikawa napita chumbani namwigiza peke yangu. "Slowly, sister. Give me your head, sister." Sauti yake ikanitoka sawasawa, na hilo likaniudhi zaidi.

Karudi. Kakonda, pua imebabuka, midomo imepasuka. Kabla ya chakula kashuka chini baina ya magoti, kama zamani. Nikashika ule mkia wa kwanza. Nywele zimegandana, zinanuka mafuta ya haradali, mafuta ya jikoni ya mtu mwengine. Nikaanza kufumua. Nilikuwa nategemea kukuta uzembe. Nikakuta mtu kahangaika: kafunga, kafungua, kafunga tena, na pale kwenye sikio kapitisha nywele kwa juu, kofia isije kumkwaruza. Kusuka hajui. Alikuwa anajua sikio linauma wapi.

Mjukuu wangu akaanza kusema, uso umeelekea mbele. Walikuwa wamekikaribia kilele, kimebaki kama kutoka hapa kwangu mpaka msikitini. Upepo ukabadilika. Didi akamtazama usoni, akasema, "Down." Mtoto akalia, machozi yakaganda. Akashuka.

"Neno moja tu, ukashuka?"

"Yes, Bibi."

"Mimi nilikwambia usende. Mamako akakwambia usende. Maneno tumeyamaliza yote."

"She had the rope, Bibi."

Kwani miye mkononi nilikuwa na nini? Nikauvuta ule mkia kidogo.

"Ow!"

"Pole. Fundo."

Akajipapasa kichwa, akasema, "Didi anakusalimia." Kwa Kiswahili, hebu fikiria. Kasema lile nanasi lilimshinda, mafundo mengine aliyafumua kwa meno, kwenye hema, vidole vimekufa kwa baridi. Na Didi aliuliza: huyo bibi yako anaweza kuja kutufungia kamba zetu? Maana mafundo yake hayafunguki.

Nikaona raha. Halafu nikakasirika, kwa nini nimeona raha.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe kile kilele kimebaki moyoni mwake. Msimu uliofuata anarudi pale pale, kwa Didi yule yule. Mamake safari hii hata kuchemka hakuchemka, alikaa tu kitini kashika kikombe kitupu. Mtoto akaja na chanuo, akakaa, hakusema anataka mtindo gani. Alikuwa ananiogopa. Au alishajua kama nikikataa, kule yuko wa kuifanya kazi.

Nikagawa njia ya kwanza, kutoka kwenye kipaji kwenda nyuma. Na ya pili. Moja kwa moja mpaka kisogoni, na pale kwenye sikio nikazipitisha kwa juu.

Akapapasa. "Bibi! Si hii ndio... what's it called?"

"Safari hii haina jina. Tulia."

Nikazibana. Nikazibana hasa, mpaka nyusi zikapanda juu, mafuta yangu ya nazi mpaka kwenye ngozi. Akaniambia zinauma. Nikamwambia zivumilie. Kofia ikashuka mpaka chini, ikakaa kimya. Na huyo Didi akitaka kuzifumua hizi, aanze na lile shoka lake la barafu.