Mama mkwe kwenye meza ya duara

Mke wangu ametoka na njaa kwenye mgahawa mzuri kuliko yote niliyowahi kuingia.

Tuko Lubumbashi, tumetoka Kalemie kumtembelea binti yetu. Leo mchana mume wake alitualika kwa Wachina wa Sichuan, wale wa pilipili inayotia ulimi ganzi.

Niwaeleze vijana kidogo. Kwetu, mama hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Si chuki, ni heshima. Kwa kawaida mmoja hugeuka upande, mambo yakaisha.

Lakini meza ilikuwa ya duara, na vyakula vilikuwa juu ya kioo kinachozunguka katikati.

Mkwe akazungusha kioo hadi samaki akasimama mbele ya mke wangu.
Mke wangu akainamisha macho, akamrudisha.
Mkwe akadhani hapendi samaki. Akamletea bata.
Bata naye akarudi.

"Papa, Mama amekasirika?" mkwe akaniuliza.
"Hapana, mwanangu. Anakuheshimu."

Mke wangu akaninong'oneza: "Umwambie mukwe asiniangalie."

Nikamwambia. Kijana mwenye adabu, akageuza kiti chake, akatazama ukuta.

Binti yetu alikuwa amekwenda kunawa mikono. Aliporudi akamkuta mume wake ametupa mgongo. Akaanza kulia.

Nilieleza. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, najua kueleza. Vyakula vikapoa.

Sasa mkwe ametualika tena Jumapili, palepale, ili atuombe radhi.

Ninyi mungemjibu nini?