Waya wa Baba na Shuka za Mama

Juzi nilifika mtaa wa Jericho, kwenye nyumba tuliyokulia, safari ndefu kwa mtu kama mimi anayechoka akifika gengeni tu, nikaona suruali ya mtu imeanikwa kwenye waya wa marehemu baba. Harufu ya sabuni ya kipande ikanirudisha mchana mmoja wa utotoni.

Baba, karani wa reli, alikuwa na redio ya kuongea na watu wa nchi za mbali. Waya wake wa kunasia sauti ulitoka dirishani hadi kwenye mlingoti nje, na mama aliuona kamba safi ya nguo. Brazili ilikuwa imemkwepa baba miaka yote. Mchana huo ikaitika, kisha ikazama kwenye mvumo kama wa mafuta yanayokaanga.

"Anapotea! Jamani, anapotea!" baba akalia mbele ya redio.

Mimi nilidhani sauti hutambaa juu ya waya kama siafu, na shuka zetu alizoanika mama pale zimemzibia Mbrazili njia. Nikatoka mbio, nikazianua zote, nikasimama nimezikumbatia, maji yakinichuruzika hadi miguuni.

"Wewe Adhiambo! Nani amekutuma?" mama akafoka.

"Mama, mgeni wa baba anataka kupita."

Hapo baba akapiga yowe ndani. "Mama Adhiambo! Nimempata!"

Siku hizi najua shuka hazikuwa na kosa. Ni anga tu lililofunguka. Baba alijua pia, ila hakumwambia mama. Tangu siku hiyo mama alibeba beseni lake hadi kamba ya jirani, ng'ambo ya uwanja, akinung'unika, "Wacha Mbrazili wa watu apite."