Jina Tulilopewa na Majirani

Ninyi mliokulia Songea wakati marobota ya mitumba yanaanza kumwagwa sokoni mtanielewa. Tulicheza rede mpaka mama zetu wakachoka kutuita, tukarudi na vumbi jekundu mpaka magotini, na hukugusa kande kabla ya kuoga. Raha ilioje!

Raha hiyo ilikuwa na mwiba mmoja: jina langu, Mnyasa. Babu mzaa baba alipanda kutoka ziwani kutafuta kazi, watu wa mjini wakamwita Mnyasa, likaganda mpaka kwetu. Wenzangu walikuwa akina Komba na akina Ngonyani, wenye koo na majigambo yake. Mimi nikipita, wananusa hewa: "Usipa umefika." Usipa ni dagaa wa ziwani, na mimi niliupenda kwa siri. Basi darasa la saba mwalimu akatupa fomu za mtihani, akatuonya kuwa jina tutakalojaza ndilo tutakalozeeka nalo. Nikaandika Komba kwa penseli, ukoo wa mama. Baba sikumwambia.

Baba alikuwa mwendesha mashine ya kusaga. Wiki ileile tajiri wake alileta mashine mpya, pamoja na fundi Mwitaliano wa kuifunga, Bwana Romagnoli. Watoto tulijazana mlangoni kumtazama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuchoka maswali, nami nikamuuliza jina lake lilitoka wapi.

"Romanya, nchi ya zamani kwetu," alisema akikaza nati. "Babu wa babu alitoka huko, akahamia mbali. Watu wakasema, huyu wa Romanya. Basi, sisi wote Romagnoli."

"Kumbe na wewe ni Mnyasa," nikaropoka.

Baba alicheka mpaka akaweka spana chini. Mzungu mzima, mwenye sanduku la vifaa linalong'aa, ana jina la kupewa na majirani kama sisi!

Jioni nikampa baba ile fomu mwenyewe. Aliisoma, akanirudishia.

"Akina Komba ni watu wazuri, mwanangu," alisema. "Ila babu yako alifika hapa mikono mitupu. Jina hilo ndilo kitu cha kwanza Songea ilichompa."

Niliona aibu, nikachukua raba. Nikaandika Mnyasa kwa kalamu ya wino, na nilikandamiza hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Siku hizi vijana wanabadili majina kwenye simu kama wanavyobadili soksi, na ukiwauliza ukoo wanakutazama tu. Lakini juzi binti yangu aliyeolewa Tabora alinipigia akilalamika.

"Mama, huku hakuna anayejua jina langu. Wote wananiita Mama Songea."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Nikamwambia aitike vizuri, maana iko siku wajukuu zangu watalijaza jina hilo kwenye fomu.