Meneja alitupima haiba, akatupa majina ya wanyama, kisha akapiga marufuku neno "ila"

Wakuu, heshima kwenu. Wale wa kusema "chai" subirini kwanza nimalize. Haya niliyaona nikiwa nimesimama mapokezi, sikusimuliwa na mtu.

Nafanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni huku Bagamoyo. Jina silitaji, bado nakula hapo.

Tuliletewa meneja mpya kutoka Dar. Kijana msomi, viatu vinang'aa, kila sentensi lazima iwe na "mindset" ndani. Alikuwa ametoka kwenye semina ya saikolojia ya uongozi, na mnajua mtu akitoka semina, wengine wote tunakuwa wagonjwa wake.

Wiki ya kwanza tu akatufanyisha personality test. Maswali yenyewe sasa! "Ukienda kwenye sherehe, unapenda kukaa sehemu gani?"

Mzee Salum, mlinzi wetu, akajibu, "Getini."

Akaambiwa ana haiba ya kuogopa watu. Mtu ameajiriwa kukaa getini, jamani.

Tukagawiwa beji. Yeye Simba, bila shaka. Mimi Tausi. Bi Zuhura, mpishi mkuu, akapewa Bundi, eti ni mtu wa kuona kasoro.

Sasa fikiria. Pwani hii bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wewe unambandika mama mtu mzima kifuani, tena mpishi! Bi Zuhura aliivua ile beji, akaitupia kwenye droo ya vijiko, akaendelea na kazi.

Kwa hilo akapewa onyo, na akaambiwa kosa lingine ni kwaheri. Mama huyu ana binti chuoni, anamsomesha peke yake.

Hapa nieleze kitu kwa wasio wa huku. Sisi ukituuliza habari, tunajibu nzuri. Nyumba imeungua? Nzuri. Tatizo linakuja baada ya "ila". "Nzuri, ila paa limeondoka na upepo." Ndiyo adabu, humtupii mtu balaa usoni kabla hajakaa sawa. Na kila mwenye akili anasubiri hiyo "ila".

Simba wetu hakusubiri. Akisikia "nzuri" anapiga makofi na kupita. Ukimuwahi na "ila", anakunyooshea kidole: "Hiyo ni negative energy." Mwishowe akatangaza kikaoni kwamba neno hilo ni marufuku.

Basi tukamtii. Bomba linavuja, nzuri. Wahudumu wameacha kazi wamekimbilia Zanzibar, nzuri. Naye anampigia mwenye hoteli kumwambia morali iko juu.

Ijumaa moja friji kubwa la samaki likaanza kukoroma, na kesho yake tuna harusi. Fundi haitwi bila ruhusa ya meneja, hiyo nayo ilikuwa amri yake. Bi Zuhura akamfuata.

"Habari za jikoni?"

"Nzuri, baba, ila friji..."

"Bi Zuhura! Bundi tena?"

Akaondoka zake. Jioni mama wa watu akamfuata tena, akamkuta anajirekodi video ya mambo ya uongozi. Akapewa ishara ya kusubiri, akasimama pale mpaka miguu ikamuuma.

Asubuhi friji lilipofunguliwa, harufu ilinifikia mapokezi. Hapo sasa Simba akaja mbio. Mnajua alisema nini?

"Tia ndimu na viungo vingi, hawatajua."

Bi Zuhura akamwangalia. "Mwanangu, hiki sipiki. Hao wanaokuja ni watoto wa watu."

"Basi toka."

Akavua aproni, akaikunja, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Nililia, sioni aibu kusema. Wapishi waliobaki nao wakagoma kumgusa yule samaki. Harusi nzima ikala wali na kachumbari, na mama wa bibi harusi akatupa matusi ambayo kwa kweli tuliyastahili.

Kesho yake mwenye hoteli akaja mwenyewe, mama mmoja wa hapahapa mjini.

"Habari za hapa?"

Wote, "Nzuri."

Akavuta kiti, akakaa, akasubiri. Mzee Salum ndiye aliyeanza: "Ila, mama..." Hatukumaliza mpaka adhuhuri.

Simba aliondoka na beji yake. Nasikia siku hizi ndiye anayeendesha semina.

Wakuu, pimeni haiba za watu mpendavyo. Kwa nilivyoona mimi, haiba inayoamua kazi itaendaje ni ya bosi mwenyewe. Bosi asiyetaka kusikia baya ataletewa mazuri tu, mpaka yamwozee mkononi.

Baadaye tulisikia Bi Zuhura amefungua mgahawa wake Msata, anapikia abiria na madereva wa malori. Mwenye hoteli akampigia mbele yetu, simu ameweka spika, nia yake amrudishe.

"Habari za Msata, Zuhura?"

"Nzuri, mama."

Mama akasubiri. Sisi sote tukasubiri. Kwenye simu tulisikia sufuria zinagongana na mtu anaagiza chapati.

"Ila" haikuja.

Mama akamtakia kazi njema, akakata simu bila kumwomba lolote.

Haya, semeni na nyie mabosi wenu wakoje. Kwenye uzi huu "ila" zote ruksa.