Jiwe Nyuma ya Tairi

Shemeji yangu Kornelio hanipendi, nami simpendi, na Mtae nzima inajua. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye huitika marahaba akitazama pembeni, kama mtu anayetema mbegu. Amekuwa fundi wa pikipiki tangu ujana, chini ya bati moja kando ya barabara, mkabala na dirisha langu. Mke wake alirudi kwao Vuga. Kornelio anasema alikuwa na maswali mengi. Mimi pia nina maswali mengi.

Pikipiki yetu haina mnyororo. Mume wangu, Paskali, alikuwa mlinzi wa nyumba ya padri mzee, ndiye aliyemwachia. Badala ya mnyororo kuna chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba, na mwisho wake kuna meno yanayoumana na meno ya tairi la nyuma. Yasipoumana, injini inanguruma na tairi halina habari.

Jumapili ile binti yetu Klara alikuwa anarudi shule Lushoto. Basi lilikuwa limeshaondoka alfajiri, Paskali akasema atampeleka mwenyewe. Tukakuta tairi la nyuma limelala, halina upepo. Barabara ya kwetu upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni hewa. Kwenye miteremko ile breki peke yake haitoshi, gia ndiyo inayokushika. Paskali akamwita kaka yake, akaja na mfuko wa spana.

Stendi kubwa ilivunjika zamani, na Paskali alikuwa amekwenda kutafuta petroli. Ikabidi mimi niishike pikipiki, nimeiinamisha upande ili tairi lipate nafasi ya kutoka.

"Shika sawasawa, Mama Klara. Ukiniangushia utanizika wewe."

"Nitakuzika, shemeji. Usiwe na wasiwasi."

Alichomoa ekseli katikati ya tairi, akalitikisa kuelekea kushoto mpaka likaachana na meno. Nikayaona. Yalikuwa makavu, yamejaa unga mwekundu wa kutu.

"Shemeji, hayapakwi grisi?"

"Grisi ni ya mnyororo. Unauona mnyororo hapa?" Kisha akanong'ona kwa Kishambaa kwamba ndugu yake alikwenda mpaka Zirai kuoa mdomo. Mimi ni Mbondei. Lugha zetu hazipishani sana, nilisikia kila neno. Nikaendelea kushika.

Aliziba pancha, akarudisha tairi. Likagoma kuingia. Kornelio amezoea pikipiki za mnyororo, ambazo ukigonga ekseli na kukaza nati, tairi linafuata lenyewe. Akagonga. Akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini kati ya tairi na kikombe cha chuma kinachobeba yale meno palibaki nafasi ambayo mwanzo haikuwepo. Nikaingiza kidole.

"Toa kidole chako! Ndivyo ilivyokuwa."

"Haikuwa hivi."

"Kwenu Zirai mmejua pikipiki lini? Si mlikuwa mnabeba iliki kichwani?"

Paskali akarudi na petroli, Klara akatoka na begi lake. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa mahali pake pa kila siku, kwenye mteremko mbele ya nyumba, uso juu, imewekwa gia, na jiwe nyuma ya tairi.

"Paskali, tairi halijaingia," nikasema.

Alimtazama kaka yake, hakulitazama tairi. "Kaka ameshafunga. Wewe umefunga pikipiki ngapi?"

"Gia ipo?"

"Ipo ya kwanza," akajibu Kornelio. "Leo umekuwa trafiki?"

Nilimvuta Klara kwa mkanda wa begi, nikaangalia chini mteremkoni kama hakuna mtu. Halafu nikalipiga jiwe teke.

Pikipiki ile ikiwa kwenye gia haijawahi kusogea hata hatua moja. Ilisimama kidogo, kama inafikiri. Ndani pakalia krr, krr, ikaanza kurudi nyuma, polepole, kisha si polepole tena, ikapita katikati ya maharage ya Kornelio yaliyo chini ya nyumba na kuanguka kwa ubavu. Kioo kikavunjika.

"Mwanamke mshenzi! Umeiua pikipiki!"

"Nimetoa jiwe tu, shemeji. Gia ulisema ipo."

Paskali aliteremka shambani. Alilishika tairi, akalizungusha kwa mkono mmoja, na gia ikiwa bado ipo. Lilizunguka.

"Fungua, kaka," akasema.

Nilishika tena. Safari hii Kornelio alileta kopo la grisi bila kuambiwa, akayapaka meno yote, akalizungusha tairi taratibu mpaka yakakutana, akalisukuma kwa viganja hadi ile nafasi ikafa. Ndipo akaingiza ekseli na kukaza. Akaweka gia, akalisukuma tairi kwa nguvu zake zote. Halikucheza.

Jioni Klara alipiga simu, wamefika. Ndipo nikaweza kula.

"Maharage yangu utayapanda wewe," Kornelio aliniambia.

Niliyapanda. Shikamoo yangu haitikii tena, ingawa naitoa kila asubuhi, kwa sauti, majirani wasikie. Lakini siku hizi akimaliza kufunga tairi la mtu yeyote, hata la mnyororo, huweka gia na kulisukuma, kisha hugeuka kutazama dirisha langu kama nipo.

Mara nyingi nipo.