Maji ya Sabili Ukutani

Nakumbuka asubuhi moja ya Agosti, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naona haya. Nilitaka kunyamaza. Lakini Ijumaa ulikula ugali wangu hapa Mansoura, ughaibuni kwetu, huku ukitusimulia, kwa kicheko, unavyowafukuza wafagiaji wa barabara wasipumzike kwenye kivuli cha bustani, kwenye zile nyumba unazolinda kule Wakrah. Wenzako wakacheka. Mimi nikalirudisha tonge sahanini.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa na umri wako nilitolewa Industrial Area, kwenye kambi ya wajenzi tulikokuwa tukilala wanane chumba kimoja, nikapelekwa kuendesha gari la familia moja. Nyumba ilikuwa nzuri: ukuta mweupe, msikiti hatua chache, shule ng'ambo ya barabara, na bakala la vyakula pale kwenye kona. Nikapewa chumba changu peke yangu karibu na lango, na kichwa kikavimba. Kwenye ukuta wa nje, mama mwenye nyumba alikuwa ameweka mashine ya maji baridi, maji ya sabili, ili kila apitaye anywe na marehemu mumewe apate thawabu. Wanywaji walikuwa wafagiaji, wajenzi na watunza bustani. Waliacha tope kwenye vigae, na kuosha vigae ilikuwa kazi yangu. Basi siku hiyo nikachomoa plagi, iliyokuwa upande wa ndani, nikaingia chumbani kwenye kiyoyozi changu.

Akaja mfagiaji mmoja, mzee wa Kinepali. Nilimwona dirishani. Alifungua bomba yakatoka maji ya moto, maana jua lilikuwa limeshayachemsha. Akayamwaga. Akangoja kidogo, akajaribu tena, kisha akasukuma toroli lake akaenda. Hakufika kwenye bakala. Alianguka njiani.

Mama Rukia, mpishi wetu, mtu wa Mombasa, ndiye aliyetoka mbio na jagi. Ambulensi ilipoondoka na yule mzee, akarudi akaikuta plagi inaning'inia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu," akaniambia, "juzijuzi tu ulikuwa wanywa kwenye kuta za watu. Weye, nani alikuchomolea?"

Nilipokuwa mjenzi, maji kama hayo ndiyo yaliyonifikisha jioni. Plagi niliirudisha, lakini yule mzee hakuonekana tena mtaani kwetu. Jina lake sikuwahi kumwuliza, kwa hiyo hata leo nikimwombea namtaja tu kama yule mzee wa toroli.

Watu husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyo angalau hajui. Wewe unajua, maana nawe umeshinda kwenye jua hilohilo, na hilo ndilo linaloniudhi! Hakuna aliyekutuma kumnyima mtu kivuli. Umejituma mwenyewe, ili ujione umepanda. Sare ni ya kampuni, bustani ni ya wenyewe, na mpanda ngazi hushuka. Kwa hiyo kesho ukiingia zamu, waite wale wafagiaji kwa mkono wako huohuo uliowafukuza. Waketi. Waulize majina yao, na uwaombe radhi.

Mungu akukinge na jua la nchi hii, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima. Na kokote utakakofika na kiu, usikute kijana kama nilivyokuwa mimi amekutangulia kwenye plagi.